Kodi, ushuru, ada, tozo au mchango? Mwongozo kamili wa kuyaita malipo kwa jina lake

Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya ulinzi ya mtaa wetu. Tangazo la kwanza nililobandika kwenye mlango wa duka lilisomeka hivi: "Kila nyumba inatakiwa kulipa kodi ya ulinzi shilingi 5,000." Saa moja haikupita, mama muuza maandazi wa pale kona akanijia, unga bado mikononi. "Mwanangu, kodi anatoza serikali. Nyie mmetumwa na nani?" Jioni akaja mzee mwenye nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, kila chumba na mpangaji wake. Alitaka kujua kama elfu tano hiyo ni ya kwake peke yake au ya vyumba vyote. Mpangaji wake mmoja alikuwa keshajiamulia: yeye hana nyumba, kwa hiyo tangazo halimhusu.

Nililing'oa usiku uleule. Lilikuwa na maneno manane na tarakimu moja, na matatu kati ya hayo manane hayakuwa mahali pake: nyumba, kulipa na kodi. Tangu siku hiyo siandiki neno la malipo kabla ya kujiuliza maswali yafuatayo, kwa mpangilio huuhuu. Nayaandika kwa ajili ya makatibu na waweka hazina wa vikundi, watafsiri, waandishi wa habari, na yeyote anayetia saini mkataba wa pango au kupokea slipu ya mshahara bila kujua kila mstari unamkata kwa jina gani.

Hatua ya 1: Mtazame anayedai

Kodi ni dai la dola, nalo lina sheria nyuma yake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 138, inakataza kutozwa kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 210, inaweka sharti la namna hiyohiyo. Mama wa maandazi hakuwa amesoma ibara, lakini alichoniuliza ndicho ibara inachouliza.

Basi kama anayedai ni kamati, kikundi, ukoo, msikiti au kanisa, yafute kodi, ushuru na tozo kwenye rasimu yako. Utabaki na mchango, ada ya uanachama, kiingilio au sadaka, na hapo utachagua.

Kuna mtu mmoja asiye dola ambaye lugha imemruhusu kudai kodi: mwenye nyumba. Neno hili lina ndugu yake, kitenzi kukodi. Tunakodi gari, tunakodi shamba, na tunalipa kodi ya chumba. Kwenye mazungumzo hakuna anayechanganyikiwa. Kwenye mkataba watu huchanganyikiwa kila siku, kwa sababu karatasi moja inaweza kubeba kodi tatu. Kodi ya pango ni ile anayopewa mwenye nyumba. Kodi ya zuio ni asilimia 10 ambayo mpangaji wa biashara Tanzania anaikata kwenye hilo pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Kodi ya jengo ni ya serikali, na mdaiwa wake ni mwenye jengo.

Hiyo ya tatu iangalie kwa makini. Tangu mwaka 2021 inakusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, kwa hiyo kodi ya mwenye nyumba inatoka mfukoni mwa mpangaji, kwa kimya kabisa. Mkiandikiana mkataba, msiishie kwenye "kodi ni juu ya mpangaji." Andikeni: "Kodi ya pango italipwa na mpangaji. Kodi ya jengo itakayokatwa kwenye umeme itarudishwa na mwenye nyumba kwa kupunguzwa katika kodi ya pango." Sentensi mbili hizo nimeona zikiokoa ujirani.

Hatua ya 2: Uliza unarudishiwa nini

Ukilipa kodi, hakuna mtu wa dirishani atakayekupa kitu mkononi. Barabara itajengwa, au haitajengwa; wewe hulipii barabara ile, unalipa kwa kuwa unapata mapato, unauza, au unamiliki. Kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani (VAT kwa wengi wetu) ziko kundi hili.

Ada ni tofauti: unalipa, unapewa. Ada ya pasipoti, ada ya leseni, ada ya shule, ada ya uanachama. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya desturi, na ada ya zamani ilikuwa kile ambacho desturi inamtaka mtu atoe kwa fundi, kwa mwalimu, kwa kungwi. Hadi leo ada ina jina la huduma pembeni yake. Ukiona ada isiyoweza kusema ni ya huduma gani, iulize maswali.

Umuhimu wa kutenganisha ada na mchango tuliuona wazi mashuleni. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulileta elimu msingi bila malipo, na Januari 2016 ada ya sekondari za serikali ikaondoka. Hadi hapo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Mzazi akafurahi. Kisha akakuta michango: ya madawati, ya mlinzi, ya mitihani. Hakuna aliyekuwa amesema uongo, maana ada kweli haikuwepo. Lakini mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango alikuwa amerudishwa vilevile. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango hiyo shuleni. Mchango ambao usipotoa unafukuzwa ni ada iliyobadilishwa jina, na mwandishi anayejali wasomaji wake asikubali kulibeba jina hilo bila kuuliza kilichomo.

Ushuru hufuata kitu kinachosogea au kuuzwa: mzigo, zao, bidhaa, meza ya sokoni. Mzizi wake wa Kiarabu ni kumi, sehemu ya kumi ya kilichopita. Ndiyo maana tuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, ushuru wa stempu, ushuru wa mazao na ushuru wa soko. Forodha yenyewe ni mahali pa kushushia na kukagulia mizigo. Forodhani ya Unguja ilipata jina lake hapo. Katika karne ya 19, chini ya Seyyid Said na warithi wake, mikataba na mataifa ya nje ilifunga ushuru wa bidhaa zinazoingia kwenye asilimia 5, na ukusanyaji wenyewe ulikodishwa kwa wafanyabiashara. Jairam Shivji ndiye aliyejulikana kuliko wote. Tazama: ushuru uliokodishwa. Maneno haya mawili yamekaa nyumba moja siku nyingi.

Tozo ndilo neno lenye kelele zaidi siku hizi, ingawa umbo lake ni la kawaida kabisa. Kutoa, kutoza, tozo: kumfanya mtu atoe, kisha jina la kile alichotolewa. Watumishi wa serikali walilitumia miaka mingi bila mtu kugeuka. Julai 2021 Tanzania ilianza kukata kati ya shilingi 10 na 10,000 kwenye muamala wa simu, na ghafla kila mtu akalijua. Tozo mara nyingi ina shabaha iliyotajwa: ya mafuta kwa ajili ya barabara, ya ujuzi kwa ajili ya mafunzo. Kwa hiyo imesimama katikati. Ni lazima kama kodi, lakini ina jina la matumizi yake kama ada. Itumie pale sheria inapoyapa malipo jina hilo au pale malipo yana mfuko wake maalumu. Usiifanye tusi la kila makato usiyoyapenda.

Tukiwa hapo kwenye makato, chukua slipu yako ya mshahara. Makato ni kapu. Ndani yake mna vitu vya koo tofauti. Kodi ya mapato ni kodi. Asilimia 10 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kwa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania ni mchango. Ndiyo, ni wa lazima, lakini unawekwa kwa jina lako na una tarehe ya kukurudia. Asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ni marejesho ya deni. Cha chama cha wafanyakazi ni ada ya uanachama. Ukimwambia mwajiri "kodi yangu imezidi" kumbe kilichozidi ni marejesho ya mkopo, utazungushwa ofisi tatu bure.

Hatua ya 3: Msomaji wako yuko upande gani wa mpaka?

Hapa ndipo watafsiri wengi hujikwaa. Tanzania neno kuu ni kodi: mlipakodi, kodi ya mapato, msamaha wa kodi. Ushuru ni tawi mojawapo. Kenya neno kuu ni ushuru: mlipa ushuru, ushuru wa mapato, kukwepa ushuru. Mkenya akisikia kodi peke yake, picha ya kwanza inayomjia ni kodi ya nyumba, yaani pango la mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kichwa cha habari "Serikali kupandisha kodi za nyumba" kitasomwa Dodoma kama habari ya kodi ya majengo, na Nairobi kama habari ya wenye nyumba.

Shuleni ni vivyo hivyo: Tanzania ni ada, Kenya ni karo. Na Wakenya walipompa Rais William Ruto jina la Zakayo, kichekesho kiliwezekana kwa sababu Biblia ya Kiswahili inamwita Zakayo mkubwa wa watoza ushuru. Lingekuwa limeandikwa watoza kodi, jina lisingeshika vile.

Ukiandikia pande zote mbili, taja kamili mara ya kwanza: kodi ya pango, kodi ya serikali, ushuru wa forodha. Baada ya hapo fupisha.

Hatua ya 4: Kinahesabiwa nini: kichwa, kaya, nyumba, au mzigo?

Swali hili ndilo lililoniangusha, nalo limewaangusha watawala wenye majeshi.

Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki yao. Nyumba ya kawaida ya shamba ikadaiwa rupia 3 kwa mwaka. Waingereza upande wa Kenya walianza yao mwaka 1901. Wazee huiita kodi ya kibanda. Kilichohesabiwa ni paa. Sasa fikiria mji wa mtu mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake: analipa mara tatu. Mjane aliyebaki na nyumba naye anadaiwa. Kijana wa miaka 20 anayelala kwa baba yake hadaiwi kitu. Watu wakafanya hesabu, wakabanana: nyumba zikapungua, wakazi wakabaki walewale. Ndipo ikaja kodi ya kichwa. Kenya, sheria ya mwaka 1910 iliwafuata wanaume wasio na kibanda. Tanganyika ya Waingereza iliunganisha nyumba na kichwa katika sheria moja mwaka 1922.

Kodi ya kichwa ina maana moja tu: kiasi kilekile kwa kila mtu mzima anayehusika, awe na ng'ombe mia au awe na jembe moja. Ndiyo sababu ilichukiwa. Tanzania huru iliirudisha miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na wazee wa vijijini bado wanasimulia mgambo walivyosimama njiani wakidai stakabadhi, na wanaume walivyolala porini msimu wa ukusanyaji. Ilifutwa mwaka 2003. Kwenye karatasi iliitwa maendeleo. Nyumbani kwetu haikubadilika jina hata siku moja: ilikuwa kodi ya kichwa.

Kwa mwandishi wa tangazo, funzo liko kwenye kizio. Nyumba ni jengo. Kaya ni watu wanaopika chungu kimoja. Mzee wangu wa vyumba sita ana nyumba moja na kaya saba, yake ikiwemo. Kichwa ni mtu mmoja mmoja. Andika kizio unachokusudia, na ukikisia kwamba kitabishaniwa, kifafanue hapohapo: "kila kaya, yaani kila wanaokula pamoja, awe mwenye nyumba au mpangaji."

Kichwa kina kazi nyingine isiyo na uchungu. Ukishuka Forodhani kutafuta boti ya kwenda kisiwa cha Changuu, swali la kwanza si bei. Ni: "Kwa kichwa au kwa chombo?" Nauli ni ya kichwa, kukodi ni chombo kizima. Watu wanne wasiouliza hivyo hukubaliana bei moja wakiwa na maana mbili.

Hatua ya 5: Sikiliza kitenzi

Ukiwa bado una shaka, jaribu kitenzi. Sikio la Kiswahili halidanganyiki upesi. Kodi na ushuru hulipwa, na anayezichukua hutoza. Mchango hutolewa, na watu huchanga au huchangishana. Sadaka na zaka hutolewa. Faini mtu hupigwa. Nauli na kiingilio hulipwa. Rambirambi hutolewa, na anayetoa huambiwa amempa mfiwa mkono wa pole. Ukiandika "wanakijiji walichangishwa kodi", sentensi yenyewe inalalamika. Na ukiona tangazo linasema mchango "utatozwa", umeshajua kwamba hiari haipo.

Hongo nalo lilikuwa neno safi. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Ugogo ilitoa hongo kwa watemi: nguo, shanga, waya, ili ipewe njia na maji. Yalikuwa malipo ya wazi kwa mwenye nchi, karibu na kile ambacho leo tungekiita ushuru. Leo hongo ni rushwa. Kwa hiyo ukisoma habari za misafara, usimhukumu mtemi kwa kamusi ya leo.

Hatua ya 6: Malipo ya dini yana majina yake

Usiyatafsiri kwa maneno ya serikali. Zaka hasa inataka uangalifu, kwa kuwa waumini wa dini mbili wanaitumia kwa hesabu mbili. Kwa Mwislamu, zaka ya fedha ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka) na kuzungukiwa na mwaka. Kwa Mkristo, zaka ni fungu la kumi, asilimia 10 ya pato. Ukiandika katika gazeti la watu wote kwamba fulani "alitoa zaka", sema ni ya wapi.

Zaka ya fitri ndiyo malipo ya kichwa ninayoyapenda kuliko yote, kwa jinsi yalivyo wazi. Pishi moja ya chakula, vibaba vinne, kwa kila kichwa kilicho chini ya uangalizi wako, mtoto mchanga akiwemo, kabla ya sala ya Idi. Mwenye nyumba anahesabu vichwa, anazidisha, anapima. Kiasi ni sawa kwa kila kichwa, lakini anayetoa ni mwenye uwezo na anayepokea ni maskini. Jizya ilihesabiwa kinyume chake: iliwahusu wasio Waislamu waliokuwa chini ya dola ya Kiislamu, wanaume wazima wenye uwezo, bila wanawake na watoto. Ukikutana nayo kwenye historia, iache kama ilivyo: jizya. Ukiigeuza "kodi ya kichwa" umepoteza nusu ya habari.

Hatua ya 7: Andika kiasi kisichobishaniwa

Kiswahili kina zana ambayo tarakimu haina: kurudia. "Toeni elfu tano" ni elfu tano moja kwa wote. "Toeni elfu tano tano" ni kila mtu na yake. Kwa mdomo hatukosei. Tukiandika 5,000 ule mrudio unapotea, basi lazima neno lingine lishike nafasi: 5,000 kila mmoja, kwa kila kaya, kwa kila kichwa. Ongeza na muda: kwa mwezi, kwa mwaka, au mara moja tu.

Wazee wa pwani walikuwa na maneno ya kugawana gharama ambayo tumeyaacha yafifie. Kula bia ni kila mtu kutoa sehemu yake mkaunganisha. Kula kikoa ni kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Kikundi chenu kikiamua namna ya chakula cha kikao, maneno haya mawili yanamaliza mjadala wa nusu saa.

Na kama bei ina VAT, sema "pamoja na VAT" au "kabla ya VAT". Kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara cha asilimia 18, bei ya 118,000 pamoja na VAT ina kodi ya 18,000. Usipige asilimia 18 ya 118,000. Utapata 21,240 na utamdai mteja asichodaiwa. Gawa kwa 118, zidisha kwa 18.

Hatua ya 8: Andika upya, kisha msomee mtu

Tangazo langu la pili lilikuwa hivi:

"Kikao cha wakazi kimekubaliana mchango wa ulinzi wa shilingi 2,000 kwa kila kaya kwa mwezi, mwenye nyumba na mpangaji sawasawa. Kaya isiyo na uwezo imwone katibu. Kila anayetoa apewe stakabadhi."

Kiasi kilishuka kwa sababu kaya ni nyingi kuliko nyumba. Hesabu hiyo tungeifanya mapema kama tungejua tunahesabu nini. Kabla ya kulibandika nilikwenda kulisoma kwa sauti pale kona. Mama wa maandazi alisikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono, akatoa elfu mbili kwenye pindo la kanga. Kisha akasimama akiangalia kalamu yangu ikipita juu ya stakabadhi, mpaka alipoona nimeandika "mchango".